Teknolojia Inayofika Kiuyu

Kuna swali moja ningependa kila mkufunzi wa chuo hapa Pemba ajiulize kabla hajaingia darasani na kompyuta yake ndogo: mbinu hii, mwanafunzi wangu akishahitimu, ataweza kuitumia Kiuyu? Siitaji Kiuyu kwa dharau. Naitaja kwa sababu wanafunzi wetu wengi wanatoka huko au vijiji vinavyofanana na huko, na huko ndiko watakakopangiwa kazi, iwe Kiuyu Minungwini upande wa Wete au Kiuyu Mbuyuni kule Micheweni. Watasimama mbele ya darasa lililojaa, wana ubao, wana simu moja mfukoni, na soketi ya umeme iko ofisini kwa mwalimu mkuu.

Kampasi ya chuo kikuu cha SUZA ya Mchanga Mdogo iko jirani na Kiuyu Minungwini. Anayesomea ualimu pale atafundisha kwa namna alivyofundishwa, hata kama kitabu cha mbinu za kufundishia kimemwambia vingine. Ukimfundisha kwa projekta miaka mitatu mfululizo, atatoka akiamini kwamba teknolojia maana yake ni projekta. Akifika skuli isiyo na projekta, ataweka maarifa yote kabatini na kushika chaki kama mwalimu wake wa msingi alivyoishika.

Nitasema na hili mapema: slaidi zimetuharibu. Mkufunzi anasoma maandishi ukutani, wanafunzi wanayapiga picha kwa simu, kipindi kinakwisha, na mtu akiuliza tunasema tumefundisha kwa teknolojia. Mashine imefanya kazi ya ubao, tena vibaya zaidi, maana mwalimu anayeandika ubaoni hulazimika kwenda pole pole na mwanafunzi akapata muda wa kufikiri. Kama huna la kuonesha isipokuwa maneno, zima projekta.

Ubunifu ninaousemea mimi huanza na chombo kilichopo mkononi na kumfanya mwanafunzi atengeneze kitu. Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1973 Tanzania Bara iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika vikundi vikundi kwa wiki 12, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyozunguka nyumba. Kabla redio haijafunguliwa, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wameshafunzwa namna ya kuendesha mjadala. Fedha na akili nyingi zilikwenda kwenye kundi na kazi itakayofuata, na redio ikabaki kuwa kianzio cha mazungumzo.

Zanzibar nasi tulipata yetu. Katikati ya miaka ya 2000, Wizara ya Elimu na shirika la EDC la Marekani, chini ya mradi wa RISE, walitengeneza vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo waliokuwa mbali na skuli za maandalizi. Sauti ya redioni inauliza, inanyamaza. Watoto wanajibu kwa pamoja, wanahesabu vidole, wanaruka, wanaimba. Halafu sauti inarudi na kuthibitisha jibu. Mtindo huo ulianzia kwenye masomo ya hisabati kwa redio huko Nikaragua miaka ya 1970, na miaka ya 1980 ukafika Kenya kufundishia Kiingereza. Siri yake yote imo katika ule ukimya baada ya swali. Redio haisikii, lakini mtoto anajibu kana kwamba inamsikia, na akishajibu keshafikiri.

Basi mkufunzi wa chuo, chukua simu yako ufanye hivyo hivyo. Usirekodi mhadhara mzima, hakuna atakayeusikiliza. Chagua jambo moja ambalo wanafunzi hulikosea kila mwaka: tofauti ya uzito na tungamo, kwa mfano, au namna ya kutambua kiima katika sentensi iliyogeuzwa, au kwa nini wastani unaweza kudanganya. Zungumza dakika nne au tano, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayemweleza ndugu yake. Anza na swali, kisha sema: "Simamisha hapa, andika jibu lako daftarini." Kaa kimya sekunde kumi, usiogope ukimya huo. Kisha taja jibu ambalo wengi hutoa kimakosa, eleza kwa nini linavutia na wapi linapotea, ndipo utoe jibu sahihi. Malizia na swali jingine ambalo hulijibu. Hilo la mwisho waje nalo darasani limeandikwa, na kipindi kianzie hapo.

Urefu huo una sababu. Philip Guo na wenzake walipochambua mwaka 2014 mamilioni ya mara ambazo wanafunzi wa masomo ya mtandaoni ya edX walifungua video, waliona kwamba baada ya dakika sita hivi watazamaji huanza kukimbia. Sababu ya pili ni mfuko. Sauti ya dakika tano iliyotumwa kwa WhatsApp kwa kawaida haifiki megabaiti mbili, ilhali video ya muda huo huo hula makumi ya megabaiti. Mwanafunzi anayenunua bando la siku kwa fedha za kuombaomba ataifungua sauti yako na kuiacha video ya mwenzako.

Wapo wasio na simu janja kabisa, na hao wasisahauliwe kwa kuwa wako kimya. Simu nyingi za kitochi zina nafasi ya memori kadi na hucheza faili za MP3. Igeuze sauti kuwa MP3, iweke kwenye kompyuta ya maktaba, na kila Alkhamisi mwanafunzi apite na kadi yake kujaza masomo ya wiki. Wengine watarushiana kwa bluetooth njiani, bila ya kutumia hata senti. Kabla ya hayo yote, wiki ya kwanza ya muhula, wape karatasi isiyo na jina wakuandikie: simu gani unatumia, ni yako au ya nyumba nzima, unachaji wapi, mtandao unashika upande gani wa kijiji, ni saa ngapi huwezi kabisa kusoma. Usiwaulize kwa kunyoosha mikono. Kijana asiye na simu hatanyoosha wala hatakataa, atakaa tu akitazama chini.

Majibu ya swali la mwisho yatakufunza zaidi kuliko warsha yoyote. Utakuta mwanafunzi ambaye siku za bamvua, maji yakitoka sana, yuko pwani na mama yake kwenye mwani, na hakuna wa kumpokea kazi hiyo. Utakuta ambaye baba yake amekwenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, na yeye ndiye mwanamume wa nyumba mpaka wavuvi warudi. Ukiweka jaribio la mtandaoni siku ya bamvua umemfelisha kabla hajalisoma swali. Lakini sauti ya dakika tano anaweza kuisikiliza huku anafunga mbegu kwenye kamba, mikono ina kazi na masikio yana nafasi.

Kuhusu lugha nina msimamo. Vyuo vyetu vinafundisha kwa Kiingereza na mitihani ni ya Kiingereza, sina la kuvunja hapo. Sauti yako lakini iwe ya Kiswahili. Mhadhara utoe kwa Kiingereza kama utaratibu unavyotaka, kisha jioni mwanafunzi asikie jambo lile lile likifafanuliwa kwa lugha anayoitumia kufikiri. Nimewasikia walimu wakisema hilo linawadumaza wanafunzi. Mimi naona kinachomdumaza ni kukariri fasili ya Kiingereza asiyoweza kuieleza kwa bibi yake.

Hayo ni ya mwalimu kutoa na mwanafunzi kupokea. Kazi yenyewe hasa iko pale mwanafunzi anapogeuka kuwa mtengenezaji, na hapa Kiuyu ni tajiri kuliko maabara nyingi.

Chukua mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka Pemba, ukilimwa zaidi na wanawake. Aina ya cottonii, yenye bei nzuri, haivumilii maji yanapopata joto na imekuwa ikifa, hivyo wakulima wengi wamebaki na spinosum yenye bei ndogo. Mkufunzi wa takwimu, wa baiolojia, wa biashara au wa jiografia ana somo zima hapo. Wagawe wanafunzi makundi ya watatu watatu kwa vijiji wanavyotoka. Kila bamvua wapime joto la maji kwa kipimajoto cha kawaida, wapige picha ya kamba ile ile mahali pale pale, wamuulize mkulima ameotesha lini, amevuna kiasi gani, ameuza kwa bei gani. Waingize namba kwenye jedwali la simu, siku hiyo hiyo, kabla hazijasahaulika. Baada ya miezi mitatu una takwimu za kweli, zenye makosa ya kweli, za kufundishia wastani, grafu na uhusiano wa mambo mawili. Mwanafunzi aliyejitosa majini kuzipata hatalala zikichambuliwa. Na hutohitaji tena mifano ya kitabuni ya idadi ya magari yanayopita barabara fulani ya London.

Adabu ya kazi hii isiachwe kuwa jambo la pembeni, bali iwe na alama zake. Kwanza kwa sheha, chuo kimpelekee barua. Halafu kwa mwenye shamba la mwani. Wanawake walioko majini nguo zikiwa zimerowa hawapigwi picha, hata kwa nia njema, hata kwa mbali. Piga picha za kamba, vigingi, mwani, na mikono kama mwenyewe ameridhia. Picha yoyote yenye sura ya mtu isiingie kwenye kundi la WhatsApp mpaka mwenyewe aioneshwe na akubali. Simu ifungwe kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, maana maji ya chumvi hayana msamaha na simu hiyo huenda ni ya kaka mtu. Na matokeo yarudi kijijini: wanafunzi waende wakawasomee wakulima walichokiona. Vyuo vina tabia ya kuchukua na kuondoka.

Kazi ya pili ninayoipendekeza ni ya sauti za wazee. Hapa mkufunzi wa Kiswahili na wa historia wanaweza kushirikiana. W. H. Whiteley alichapisha utafiti wake wa lahaja na ushairi wa Pemba mwaka 1958, na BAKIZA wametoa kamusi ya Kipemba. Hayo ni maandishi. Sauti zenyewe, namna mzee wa Kiuyu anavyosimulia safari ya dago, majina ya pepo na nyota alizozitegemea, vipimo vya ngalawa, dawa za miti ya msitu wa Ras Kiuyu, nyingi zinakwenda na wenyewe. Mwanafunzi mwenye simu ya bei ndogo anaweza kuzihifadhi. Mfundishe mambo machache tu: akae karibu, simu iwe chini ya kidevu cha msimulizi na si mezani, upepo uwe mgongoni mwake, redio na feni vizimwe, mwanzoni ataje tarehe, mahali na ruhusa aliyopewa. Asimkatize mzee kwa "ndiyo, ndiyo". Akimaliza achague dakika tano tu azinukuu neno kwa neno, kama zilivyotamkwa, bila ya kuzisawazisha ziwe Kiswahili cha redioni. Dakika tano hizo zitamchukua zaidi ya saa nzima, na ndani ya saa hiyo atajifunza fonolojia ambayo hukuweza kumfundisha kwa wiki nne.

Tatizo kubwa la kazi kama hizi ni kwamba zikishapewa alama zinafutwa ili simu ipate nafasi. Hapo ndipo chuo kinapopoteza. Wekeni kompyuta moja, hata kuukuu, iwe ghala. Jina la kila faili lianze na mwaka, kisha kijiji, kisha mada. Nakala mbili ziwekwe kwenye flashi mbili zinazolala nyumba mbili tofauti. Wanafunzi wa mwaka unaofuata waanzie hapo: wapime joto la maji tena, walinganishe, wamrudie mzee yule yule wakamuulize pale wenzao waliposahau kuuliza.

Kompyuta hiyo hiyo inaweza kuwa maktaba isiyohitaji intaneti. Programu ya Kiwix, inayotolewa bure, hukuwezesha kupakua Wikipedia nzima ya Kiswahili, au sehemu ya ile ya Kiingereza, mara moja tu mahali penye mtandao mzuri, kisha ikasomwa bila ya bando milele. Kolibri hufanya hivyo kwa video na mazoezi. Mwalimu wa fizikia na kemia achukue PhET, majaribio ya kuigiza kwenye skrini yaliyoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, mshindi wa Nobel. Mengi yana Kiswahili na yanafanya kazi nje ya mtandao. Kifaa kidogo cha wifi kikiunganishwa na kompyuta hiyo, wanafunzi walioko chumbani wanaingia kwa simu zao bila ya kulipa kitu. Fundi wa chuo atalifanya hilo kwa siku moja akipewa ruhusa. Moodle, mfumo ambao vyuo vikuu vingi vinautumia kuwekea masomo, ulitengenezwa na Martin Dougiamas, mtu aliyekulia jangwani Australia Magharibi na utotoni akisoma kwa redio ya masafa mafupi. Anayejua upweke wa mbali hutengeneza kwa ajili ya walioko mbali, na sioni kwa nini kijana wa Kiuyu asitengeneze chake.

Ndani ya darasa, fanya kidogo. Eric Mazur wa Harvard alipogundua miaka ya 1990 kwamba wanafunzi wake wanafaulu hesabu za fizikia bila ya kuielewa, alianza kuwapa swali lenye majibu manne, kila mmoja achague peke yake, kisha ajadiliane na jirani, kisha wachague tena. Baadaye vikaja vifaa vya kubonyeza vya kukusanyia majibu. Huvihitaji. Wafumbe macho, wanyooshe kidole kimoja mpaka vinne kifuani. Utaona papo hapo nusu ya darasa imepotea wapi.

Kundi la WhatsApp la somo liwe na kazi moja na saa zake. Matangazo, sauti za masomo na maswali ya somo tu, mwisho saa tatu usiku. Picha za maua za "Ijumaa njema" ziende kwenye makundi ya ukoo. Huko zinapendwa na bando ni la mwenyewe. Na maswali ya mwanafunzi wa kike kwa mkufunzi wa kiume, au kinyume chake, yabaki kundini wanapoona wote. Inawalinda wawili hao.

Imebaki akili mnemba, ambayo tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 imewatia walimu homa. Ushauri wangu wa kwanza ni kuacha kuzitegemea programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walizijaribu kwa insha za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao, na zaidi ya nusu ya insha hizo zikatangazwa kwa makosa kuwa ni za mashine. Wanafunzi wetu wote wamo kundi hilo. Ukimfukuza mmoja kwa ushahidi wa namna hiyo umemdhulumu.

Ushauri wa pili ni kuifanya mashine yenyewe iwe kitu cha kukaguliwa. Mpe mwanafunzi kazi hii: iulize akili mnemba namna mwani unavyolimwa Micheweni, au namna Wakojani, wavuvi wa kisiwa cha Kojani, wanavyojipanga kwenda dago. Chapisha jibu, lipeleke kwa mama anayelima mwani au kwa mvuvi, msomee mstari kwa mstari. Palipo sahihi weka alama, palipo uongo andika kilicho kweli na jina la aliyesahihisha kama ameridhia. Kisha simama mbele ya darasa dakika tatu, bila ya karatasi, utueleze mashine imekosea wapi na unadhani ni kwa nini. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mashine peke yake. Mwanafunzi anajifunza kuhoji chanzo, na mama wa Kiuyu anakaa kwenye kiti cha mtaalamu, ambacho ni haki yake.

Usiyafanye yote kwa mkupuo. Muhula mmoja, jambo moja. Ukianza na sauti za dakika tano, zikizoeleka, ongeza kazi ya pwani. Mwenye mzigo wa vipindi ishirini kwa wiki hana nafasi ya kuwa mbunifu kila siku, na anayemwambia vingine hajawahi kusahihisha madaftari mia mbili.

Kwenu wakuu wa vyuo nina maombi mawili. Mnapowakagua wakufunzi, acheni kuuliza kama wametumia projekta, ulizeni wanafunzi wao wametengeneza nini muhula huu na kimehifadhiwa wapi. La pili ni la fedha. Kila siku mkufunzi anatuma kazi, anapokea majibu na kupakua vitabu kwa bando analolinunua kwa mshahara wake, wakati chaki anapewa na karatasi za mitihani anapewa. Bando la kazi liingizwe kwenye bajeti ya chuo.